Mabadiliko Katika Toleo Hili

Mashine ilipoandika yenyewe kwa mara ya kwanza, mfungashaji alipiga makofi peke yake sebuleni. Alipiga kwa nguvu hata mama mkwe wake, aliyekuwa uani akianika soksi, akaacha kazi na kuchungulia dirishani.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Hakuna nyoka, mama. Imekubali!"

"Nani kakubali?"

"Mashine."

"Haya, mwanangu. Mpe hongera," alisema mama, akarudi kwenye soksi zake.

Tuseme kweli, hakuna aliyeijua vizuri kazi ya mfungashaji huyu, hata mume aliyelala naye kitanda kimoja. Watu wakimuuliza mume, alijibu, "Anafunga programu," na wengi wakadhani anafunga mabegi. Hawakuwa mbali sana na ukweli. Ofisini kulikuwa na watu walioandika programu ya kusajili wagonjwa. Yeye aliipokea, akaifunga pamoja na kila inachohitaji ili ikae vizuri kwenye kompyuta za Linux za zahanati, akakipa kifurushi namba, akaandika orodha ya mambo yaliyobadilika, kisha akakituma mtandaoni. Zahanati zikiwasha kompyuta asubuhi, zinakivuta zenyewe, na kidirisha kinafunguka kusema: Mabadiliko katika toleo hili.

Namba na orodha ndivyo vilivyomtoa jasho. Aliviandika kwa mkono, na mkono huchoka. Siku moja kifurushi kilitoka kikiwa na namba moja nje na nyingine ndani, kompyuta za zahanati zikagoma, na wagonjwa wakaandikwa kwenye karatasi asubuhi nzima. Bosi alimpigia akiwa mpole, na bosi yule akiwa mpole ndipo anapotisha. Alisema, "Dada, tafuta njia kazi hiyo ijifanye yenyewe. La sivyo nitatafuta mtu mwenye njia."

Ndipo akaitafuta. Kila alipohifadhi kazi, mashine ilimtaka aandike sentensi ya kueleza alichofanya, na sentensi hizo zilibaki kwenye historia ya kazi. Sasa alitengeneza programu ndogo ya kusoma historia hiyo: inatafuta alama ya toleo lililopita, inaokota sentensi zote zilizoandikwa baada ya alama hiyo, inazipanga mpya juu na za zamani chini, inapandisha namba, inatuma. Aliijaribu kwenye kazi ya mfano ikatembea vizuri sana. Alipoiwasha kwenye kazi yenyewe aliangalia mistari mitano ya juu, akaona mizuri, ndipo akapiga yale makofi.

Mistari ya chini hakuitazama.

*

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Sista. Kila baada ya muda alikwenda zahanati ya jirani kupimwa presha, na ilikuwa safari aliyoipenda, kwa kuwa wauguzi wa pale wengi aliwafundisha kushika sindano. Siku ya pili baada ya makofi alivaa viatu vyake vyeupe, akaaga, akaenda.

Karani wa mapokezi alikuwa kijana mwenye maneno mengi, wakimwita Kasuku, na jina lilimkaa kama lake la kuzaliwa.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Leo mbona unacheka peke yako?"

"Sista, kaa hapa mbele usikie. Leo kompyuta yetu imeamka na umbea." Akageukia benchi zima. "Jamani, nyinyi nanyi sikilizeni. Huwa inasema imerekebisha hiki, imerekebisha kile. Leo inasema hivi: 'Nimerekebisha tarehe ya kuzaliwa isikubali mwaka ujao. Mama mkwe kazima redio, Mungu mkubwa.'"

Benchi likacheka. Mwanamke mjamzito alishika tumbo kwa mikono miwili. Sista naye alicheka, na alikuwa na kicheko kizuri, cha kifuani.

"'Nimepunguza ukubwa wa kifurushi. Mume kaahidi soketi ya pili. Nimeacha kuhesabu ahadi.'"

"Wanaume wote ni mmoja," alisema mjamzito.

"'Nimeondoa mafaili yasiyohitajika. Laiti ingekuwa rahisi hivi humu ndani.'"

"Huyo ana ulimi huyo," Sista alisema akifuta macho. "Angenipata mimi kwa mama mkwe ningemnyoosha."

"Ngoja, ngoja, hii ndiyo kiboko. 'Nimeanza kufungasha upya. Nilikuwa karibu kumaliza, mama kachomoa kompyuta achomeke pasi. Anapiga pasi soksi. Nani duniani anapiga pasi soksi?'"

Watu waliangua kicheko. Sista alikuwa ameshafungua mdomo kucheka nao, ukabaki wazi. Katika maisha yake yote alimjua mtu mmoja tu anayepiga pasi soksi, na asubuhi ile alikuwa amemvalisha viatu vyeupe.

Kasuku hakuona kitu. Alipanda mstari mmoja. "'Nimebadilisha herufi za stakabadhi. Nimeongea na wifi, amekubali kumchukua mama mwisho wa mwezi. Mume sijamwambia bado.' Ehe! Sasa, wananchi, swali. Bibi alikwenda au hakwenda?"

"Pandisha juu tuone!" alisema mzee mmoja mwenye bandeji.

"Nimepandisha, mzee. Huko juu hasemi tena. Amerekebisha, amerekebisha, amerekebisha, basi. Ametuacha njiani."

Wakaanza kubishana, wengine wakisema alikwenda, wengine wakisema mwanamume wa kweli asingekubali mama yake atolewe. Sista alikaa katikati yao mikono magotini. Mjamzito alimuuliza yeye anaonaje, akajibu kwamba hajui. Alipoitwa ndani, muuguzi alimfunga mkono, akapima, akapima tena.

"Sista, presha imepanda. Umekula chumvi?"

"Nimelishwa," alisema Sista, akaomba mkoba wake.

*

Nyumbani, simu ya bosi ilikuwa imefika kwanza.

"Dada, umeisoma orodha yako?"

"Nimeisoma bosi, mistari ya juu iko..."

"Soma ya chini. Nakusubiri hapa hapa."

Akasoma. Alishuka mstari kwa mstari. Kosa aliliona mara moja, na lilikuwa kosa ambalo mtu asiye wa kazi ile hawezi hata kulifanya. Programu yake ilitafuta alama ya toleo lililopita. Lakini yeye, kwa miaka yote aliyoweka namba kwa mkono, hakuwahi kuweka alama yoyote kwenye historia, hakukuwa na haja. Mashine ilitafuta alama, haikuiona, ikarudi nyuma, ikarudi nyuma zaidi, mpaka siku yake ya kwanza kazini. Kila sentensi aliyowahi kuiandika ikaokotwa na kupelekwa kwenye kila zahanati.

Na aliandika sana. Mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani mwishowe huongea na chochote. Wengine huongea na paka. Yeye hakuwa na paka, na historia ile haikuwa na msomaji mwingine, kwa hiyo aliongea nayo.

"Wateja wamelalamika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wangelalamika ningejua la kuwajibu. Wanauliza kama mama aliondoka. Zahanati tatu zimeuliza. Moja imeuliza kama mumeo ameweka soketi."

"Bosi, naomba..."

"Safisha. Halafu tutaongea kuhusu hiyo kazi yako."

Alikata simu. Mfungashaji alibaki ameshika kichwa, akimshukuru Mungu kwa jambo moja tu, kwamba mama mkwe wake hana kompyuta. Ndipo mlango ukafunguka, Sista akapita. Hakusema hodi, hakuuliza kama kuna chai. Alipita na viatu vyake vyeupe hadi chumbani kwake, na baada ya muda ikasikika zipu ya begi.

Mfungashaji alikumbuka siku hiyo ni ya presha. Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, na wake ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo cha mapokezi. Akainuka, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Sista alikuwa anakunja sketi. Kila mkunjo aliupitishia kiganja. "Samahani mwanangu, nilitaka kukuuliza. Ni mwisho wa mwezi gani? Maana naona imepita mingi, nisije nikawa nimechelewa."

"Mama, naomba nikueleze."

"Hapana, umeeleza vizuri. Kasuku amesoma, benchi zima limeelewa. Mimi mwenyewe nimecheka." Akaweka sketi begini. "Nimecheka, binti. Nilikaa pale nikacheka na watu, namcheka mama aliyezima redio. Nikasema angenipata mimi ningemnyoosha. Ndilo linaloniuma hilo. Mengine yote ningekusamehe, lakini umenifanya nijicheke mbele za watu."

Machozi yalimtoka mfungashaji, na Sista hakuyatazama. Alikuwa amewaona wengi wakilia mbele ya kitanda.

"Nimempigia mwanangu aje anibebe," alisema. "Wifi yako yuko tayari, si ndivyo?"

*

Mume alifika na bisibisi mfukoni, akinuka gesi ya friji ya mtu. Alikuwa fundi mzuri wa friji, hilo lazima lisemwe, na friji za mtaa mzima zilipoa kwa mikono yake. Ya nyumbani ilikuwa inavuja. Mganga hajigangi.

Alimkuta mama kakaa kwenye kiti cha sebuleni, begi miguuni. Mke alikuwa mbele ya kompyuta, macho mekundu. Akaelezwa na wote wawili, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na ajabu ni kwamba hawakupingana hata mahali pamoja.

Akamgeukia mke wake.

"Dada yangu alijua."

"Alijua."

"Wewe ulijua. Leo zahanati zote zinajua. Mimi tu ndiye sikujua kama mama yangu anahamishwa."

"Nilitaka kukuambia, nikaogopa."

"Ukaiambia kompyuta."

"Haikuwa inajibu," alisema mke, na kwa kuwa lilikuwa jibu la kweli, lilimuumiza mume kuliko ambavyo tusi lingemuumiza. Akajua kwamba yeye naye, miezi ile, hakuwa akijibu. Alirudi amechoka, akala, akasema soketi ataweka Jumamosi, akalala.

Simu ikalia tena. Mke aliiweka sauti ya nje, hakuwa na siri tena ya kuficha.

"Dada, nimefikiri," alisema bosi. "Usihangaike. Toa upya kifurushi kile kile, namba ile ile, futa tu yale maneno. Watu wataona ni safi, watadhani karani wa asubuhi aliota."

Mfungashaji alifuta uso kwa kiganja. Hapa alikuwa kwenye kazi yake, na sauti ikamrudia.

"Haiwezekani, bosi."

"Kwa nini haiwezekani? Ni kufuta tu."

"Waliokwisha kuvuta hawatavuta tena, mashine zao zitaona namba ni ile ile. Wengine watavuta kile kilichofutwa maneno. Tutakuwa na vitu viwili vyenye namba moja, na siku kikiharibika kimoja hatutajua kipi. Kikitoka kimetoka. Natoa namba mpya, juu yake naandika kilichokosewa."

"Yaani unataka kuwakumbusha?"

"Nataka kurekebisha. Kufuta si kurekebisha."

Bosi alivuta pumzi. "Fanya unavyojua. Lakini leo. Na orodha hiyo nataka niione kabla haijatoka."

Simu ilipokatika, Sista alikuwa amemgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama usoni.

"Hamfuti?"

"Hatufuti, mama."

"Hata likiwa la aibu?"

"Hasa likiwa la aibu."

Sista aliitikia kwa kichwa polepole. "Sisi wodini vivyo hivyo. Ukikosea kwenye faili la mgonjwa husugui, huchani karatasi. Unapiga mstari mmoja, lile kosa libaki linasomeka, unasaini, unaandika sahihi pembeni. Nilimfukuza msichana mmoja wodini kwa kuchana karatasi." Akafikiri. "Sasa pembeni utaandika nini wewe?"

Hapo mfungashaji aliacha kiti chake akaja kukaa sakafuni, karibu na begi.

"Mama, nilikosea. Sitasema sikumwambia wifi, nilimwambia. Siku ile umeme ulikatika, ukarudi, nikaanza upya, ukachomoa ukapiga pasi. Nilichoka nikaona bora mmoja wetu aondoke, na mimi sikuwa na pa kwenda. Nikampigia."

"Na baadaye? Mbona hakuja kunichukua?"

"Baadaye niliumwa."

"Uliumwa, nakumbuka. Homa ile ilikuwa mbaya."

"Wifi alipiga nikiwa kitandani. Nikamwambia aache, usiondoke, maana ukiondoka nani ataninywesha uji. Nikamwambia, 'Yule si mama mkwe tena, ni mama.' Muulize. Mpigie sasa hivi umuulize."

Sista hakupiga. "Hilo la uji umeliandika wapi?"

"Sikuandika."

"Wiki nzima nimekukanda kwa maji, nimekunywesha kwa kijiko, mwanangu wa kumzaa analala anakoroma. Hukuandika hata neno?"

"Niliandika 'nimerekebisha'."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na furaha, mama. Mtu akiwa na furaha haandiki."

Mume aliketi kwenye mkono wa kiti, akatoa bisibisi mfukoni, akairudisha.

"Sikiliza," Sista alisema. "Kwenye kazi yangu kuna sheria inayopita zote. Kisichoandikwa hakikufanyika. Umempa mgonjwa dawa usiandike? Hukumpa. Atakuja wa zamu nyingine ampe tena, amwue. Sasa mimi huko kwenye zahanati zenu ni mama wa kuzima redio na kuchomoa kompyuta. Uji sikupika. Maji sikukanda. Nikifa leo ndivyo nilivyo."

"Basi nitaandika."

"Utaandika. Na mimi nitakaa hapa nione unaandika nini."

*

Kwa hiyo programu ndogo ilizimwa kwa muda, na orodha ya toleo 4.13 iliandikwa kwa mkono. Sista alivuta kiti hadi ubavuni mwa mkwe wake, akavaa miwani, na hapo kazi ikawa ngumu, kwa sababu hakuna mtu mgumu kama muuguzi mstaafu mwenye kalamu ya mwingine.

"'Toleo lililopita lilitoka na maneno ya nyumbani kwa makosa yangu,'" alisoma mfungashaji. "'Maneno hayo niliyaandika nikiwa na hasira, na yaliyofuata sikuyaandika.'"

"Vizuri. Endelea."

"'Mama aliyetajwa alinihudumia nilipougua mpaka nikapona.'"

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa uji na maji ya kukanda. Andika. Faili halisemi 'alihudumiwa', linasema kwa kitu gani na mara ngapi."

Akaandika uji na maji ya kukanda.

"Na soksi. Andika kwamba soksi ikipigwa pasi wadudu wanakufa na mguu hauwashi."

"Mama, orodha inatakiwa iwe fupi."

"Ya kunisema ilikuwa fupi?"

Soksi zikaingia.

Mume, ambaye alikuwa akisubiri jina lake litajwe kwa wema, akakohoa. "Na mimi? Nami si mniandike pale. Semeni soketi inakuja."

"Kisichofanyika hakiandikwi," alisema mama yake bila kugeuka. "Nenda dukani."

Alikwenda. Mlango ulipofungwa, mfungashaji alifika kwenye mstari wa mwisho, akasita. Kishale kilikuwa kinapepesa mahali pale pale. Begi lilikuwa bado pale sakafuni, limefungwa.

"Mama, wanauliza kama uliondoka."

"Nimesikia."

"Niandike nini?"

Sista alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akachukua muda mrefu kuifuta. Alikuwa bado ameumia. Aibu ya benchi haikuondoka kwa mistari michache, na safari ijayo ya presha ingebidi apite mbele ya Kasuku. Lakini alimtazama huyu mwanamke aliyekaa na mgongo uliopinda, ambaye shingo yake aliijua kwa kuikanda usiku wa homa, na akaona rangi bado haijamrudi vizuri tangu ile homa, hali vya kutosha, na akikaa mbele ya kioo husahau hata maji.

"Kila orodha ina saini chini, sivyo?"

"Ndiyo. Jina la anayekitunza kifurushi, na tarehe."

"Weka lako. Chini yake weka: ameshuhudia muuguzi wa zamu."

Mfungashaji aliandika, kisha akageuka. "Si ulistaafu, mama? Zamu ya wapi?"

"Ya humu."

"Inaisha lini?"

"Binti, muuguzi haondoki zamu mpaka afike wa kumpokea." Sista alitazama mlangoni kama mtu anayekagua kweli. "Simwoni mtu."

Mfungashaji aliweka kichwa kwenye bega la mama mkwe wake akalia tena, na safari hii Sista alimpigapiga mgongoni, akisema basi, basi, utaloweka mashine.

*

Bosi aliisoma orodha, akapiga simu.

"Hilo la soksi ni la lazima?"

"Ni la lazima," alisema Sista kutoka nyuma.

"Huyo ndiye yeye?"

"Ndiye yeye, bosi."

"Shikamoo mama," alisema bosi, akakohoa. "Dada, tuma. Halafu ile mashine yako uiwashe tena, lakini safari hii iangalie mpaka chini. Njoo Jumatatu uwaonyeshe wenzako inavyofanya kazi."

Toleo likatoka. Kisha mfungashaji akafanya lile ambalo alipaswa kufanya mwanzoni: akaweka alama. Ilikuwa amri fupi, neno moja na namba, na tangu hapo mashine ikirudi nyuma ingefika kwenye alama hiyo na kusimama. Yaliyokuwa nyuma yake yangebaki huko yanasomeka, lakini hayataokotwa tena. Alimweleza Sista hivyo, na Sista akasema ni kama mstari wa zamu, wa usiku anaanzia pale wa mchana alipoishia.

Mume alirudi na soketi mpya, skrubu, na uso wa mtu aliyeonewa. Alikuwa amesahau kununua waya. Mama yake alimtazama, akamtazama mkwe wake, na wote wawili wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, akatoka tena.

Sista alilirudisha begi chumbani. Alitoka na rundo la soksi kavu na pasi, akasimama pembeni ya soketi moja ya sebule, waya mkononi, asiuguse ukuta.

"Una kazi nyingi?" aliuliza.

Hakuwahi kuuliza hilo hata siku moja. Mfungashaji alikuwa amebadilisha kitu kimoja kidogo, na mashine ilikuwa inamsubiri aandike sentensi ya kukieleza. Sasa alijua sentensi ile inakwenda wapi. Kesho kutwa Kasuku angeisoma kwa sauti, na benchi lingesikiliza. Akaandika: "Nimeweka alama ya kuanzia. Nachomoa kompyuta, mama ana soksi za kupiga pasi."

Akahifadhi. Akainama akachomoa waya wake mwenyewe, akampisha mama.